Mto Nabuyonga na bei ya bima ya nyumba yangu

Mdogo wangu wa kike anaishi Galveston, mji uliojengwa juu ya kisiwa chembamba katika jimbo la Texas, Marekani. Binamu yetu, mtoto wa shangazi, anaishi San Antonio, katika jimbo hilo hilo, mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Mwaka jana, siku ya pili ya Idi, tulipokuwa tukisalimiana kwa simu sote watatu, mdogo wangu alieleza kwa uchungu kwamba bima ya nyumba yake inamgharimu karibu mara tatu ya ile anayolipa binamu, ilhali nyumba ya binamu ina vyumba vingi zaidi na ilijengwa kwa fedha nyingi zaidi. Jimbo ni moja, aliuliza, sheria ni moja, iweje bei zipishane hivyo? Binamu alimjibu kwa upole: "Dada, mimi nalipia nyumba. Wewe unalipia nyumba na bahari."

Maneno hayo yalinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu mimi ninaishi Mbale, mashariki mwa Uganda, si mbali na mto Nabuyonga, na katika miaka yote niliyolipa bima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeniuliza habari za mto. Nimekuwa nikifanya kazi ya uhasibu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na bei isiyo na maelezo hunisumbua. Kwa hiyo niliamua kuchunguza kwanza jinsi bei ya bima inavyopangwa huko waliko ndugu zangu, kisha nikarudi nyumbani kuitazama hati yangu kwa macho mengine.

Nchini Marekani biashara ya bima haisimamiwi na serikali kuu. Sheria iliyopitishwa mwaka 1945, inayojulikana kwa majina ya McCarran na Ferguson, iliacha jambo hilo mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina idara yake ya bima na taratibu zake za kukagua viwango. Ndiyo maana watu huzungumza juu ya bei ya bima ya Texas au ya Florida kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini ndani ya jimbo lenyewe kampuni hugawa ardhi katika maeneo, mara nyingi kwa kufuata namba za posta, na kila eneo huwekewa kiwango chake kulingana na yale yaliyowahi kutokea hapo na yale ambayo wataalamu wa hesabu wanatarajia kwamba yanaweza kutokea. Texas ni kubwa karibu mara tatu ya Uganda. Ina pwani inayopigwa na tufani, nyanda za kaskazini zinazopigwa na vimbunga vya nchi kavu na mvua ya mawe, na upande wa magharibi ulio karibu na jangwa. Ingekuwa ajabu kama bei ingekuwa moja.

Galveston ina historia ambayo hakuna kampuni inayoweza kuisahau. Tarehe 8 Septemba 1900 tufani iliufunika mji huo, na inakadiriwa kwamba waliokufa walikuwa kati ya watu 6,000 na 12,000. Hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya nchi hiyo. Baada ya msiba huo wakazi walijenga ukuta mrefu wa kuzuia bahari, wakajaza mchanga chini ya mji na kuinua nyumba zilizokuwa zimesimama, kazi iliyochukua miaka mingi. Hata hivyo, mwezi Septemba 2008, tufani iliyoitwa Ike iliingiza maji mjini tena. Anayekaa hapo leo anabeba kumbukumbu yote hiyo katika ada anayolipa, hata kama yeye mwenyewe alihamia juzi.

Mambo yalipokuwa mazito zaidi, baadhi ya kampuni ziliacha kabisa kuuza bima ya upepo katika pwani hiyo. Tufani Celia ilipopiga eneo la Corpus Christi mwaka 1970, bunge la jimbo lilichukua hatua mwaka uliofuata kwa kuunda chombo ambacho leo kinaitwa Texas Windstorm Insurance Association, ambacho huuza bima ya upepo na mvua ya mawe kwa wale wasioipata kwingine, katika kaunti 14 za pwani na sehemu ya kaunti ya Harris. Kwa hiyo mdogo wangu ana hati tatu mahali ambapo binamu ana moja. Ya kwanza ni bima ya kawaida ya nyumba, ambayo kwake imeondolewa upepo. Ya pili ni hiyo ya upepo. Ya tatu ni ya mafuriko, kwa kuwa bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hailipi mafuriko, iwe pwani au bara. Hiyo ya mafuriko hutolewa kupitia mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, na kwa nyumba ya familia mpango huo haulipi zaidi ya dola 250,000 kwa jengo na dola 100,000 kwa vitu vya ndani. Tena mtu hawezi kuikimbilia mawingu yanapokusanyika, kwa sababu kwa kawaida hati huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Tufani Harvey ilipoifurikisha Houston mwezi Agosti 2017, nyumba nyingi zilizoingia maji hazikuwa na hati hii, na wenye nyumba hizo walikuwa watu wanaolipa bima zao kila mwaka bila kukosa.

Nilidhani basi kwamba binamu yuko salama, na kwamba bei yake ndogo ni bei ya amani. Alinisahihisha. Tarehe 12 Aprili 2016 mvua ya mawe ilinyesha San Antonio na kutoboa mapaa na vioo vya magari kwa maelfu, na hasara ya bima ikahesabiwa kuwa kubwa kuliko ya mvua yoyote ya mawe iliyokuwa imetokea katika jimbo hilo hadi wakati huo. Kampuni nyingi huko zinamtaka mwenye nyumba abebe mwenyewe sehemu ya kwanza ya hasara ya upepo na mawe, si kwa kiasi maalumu cha fedha bali kwa asilimia ya thamani ya jengo lililokatiwa bima, asilimia moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000, asilimia mbili ni dola 6,000 ambazo mwenye nyumba atazitoa mfukoni kabla kampuni haijatoa chochote. Umri wa paa nao huulizwa kwa makini kuliko umri wa mwenye nyumba.

Kuna jambo jingine lililonivutia zaidi, kwa kuwa linaweza kutofautisha nyumba mbili zilizo katika barabara moja. Kampuni nyingi za huko hutumia kipimo cha uwezo wa zimamoto, chenye madaraja kuanzia 1, ambalo ni bora, hadi 10, ambalo halina ulinzi wowote unaotambuliwa. Kwa kawaida nyumba huhesabiwa kuwa na ulinzi mzuri ikiwa iko ndani ya maili 5 kutoka kituo cha zimamoto na futi 1,000 kutoka bomba la maji ya kuzimia moto. Anayejenga mita chache tu nje ya mstari huo anaweza kulipa zaidi kuliko jirani yake. Hapo bei inapima kazi ya manispaa, si tabia ya mwenye nyumba, na mji unaonunua gari jipya la zimamoto na kutandaza mabomba unawapunguzia wakazi wake gharama bila wao kufanya lolote.

Siyo kila kigezo chao ninakikubali. Katika majimbo mengi, Texas ikiwamo, kampuni huruhusiwa kutazama historia ya mtu ya kulipa madeni inapompangia bei ya bima ya nyumba, jambo ambalo California hairuhusu. Najua hoja yao, kwamba wenye historia mbaya ya madeni huleta madai mengi zaidi. Lakini mawe ya mvua hayaulizi nani alichelewa kulipa mkopo, na kigezo hicho huwaongezea mzigo watu ambao tayari wana mzigo. Mahali ilipo nyumba, paa lake, umbali wake na maji na zimamoto, hayo naona ni halali kabisa kuhesabiwa.

California yenyewe inatoa fundisho gumu. Mwaka 1988 wapiga kura waliidhinisha sheria inayozitaka kampuni za bima zipate kibali kabla ya kupandisha viwango, na kwa miaka mingi sheria hiyo ilisaidia kuzuia bei zisiruke. Kisha moto wa misitu ukazidi. Mwezi Novemba 2018 mji wa Paradise uliteketea karibu wote. Kufikia Mei 2023 kampuni kubwa kuliko zote katika soko la bima ya nyumba la jimbo hilo ilitangaza kwamba haitapokea tena maombi mapya, ikitaja gharama za ujenzi, hatari ya majanga na gharama ya bima ambayo kampuni za bima zenyewe hujikatia. Bei iliyozuiwa kufuata mahali haikuwafanya watu kuwa salama. Iliwafanya wakose wa kuwakatia bima. Silisemi hili ili kutetea kampuni. Nalisema kwa sababu watu wa kwetu wanaposikia kwamba Galveston inalipa mara tatu ya San Antonio husema haraka kwamba ni dhuluma, nami nilisema hivyo hivyo siku ile ya Idi.

Sasa nirudi Mbale.

Nilianza kulipa bima ya nyumba mwaka 2017, si kwa hiari, bali kwa sababu benki iliyonikopesha fedha za kumalizia ujenzi iliiweka kuwa sharti. Fomu niliyojaza ilikuwa ya kurasa mbili. Iliuliza kama kuta ni za matofali ya kuchoma au za udongo, kama paa ni la mabati, vigae au nyasi, kama nyumba inakaliwa na mwenyewe au imepangishwa, kama kuna mlinzi wa usiku, ukuta na geti, kama jirani kuna kituo cha mafuta au karakana. Iliuliza jina la mji. Haikuuliza mto, wala mteremko, wala kama maji yaliwahi kufika hapo. Rafiki yangu aliyejenga Mbarara, kwenye kilima kikavu, alijaza fomu kama hiyo na kupangiwa ada ya asilimia ile ile ya thamani ya nyumba niliyopangiwa mimi. Tulifurahi kwamba hatukupunjwa.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 30 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha katika miteremko ya mlima Elgon, na kabla ya alfajiri mito ya Nabuyonga na Namatala ilikuwa imevunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walifariki, wengine wakisombwa na maji wakiwa barabarani. Madaraja yaliharibiwa na mabomba ya maji yaking'olewa. Kwangu maji yaliingia hadi magotini, yakakaa saa kadhaa, yakaondoka na kuacha tope. Ukuta wa nyuma ulipata ufa kutoka msingi hadi dirishani, milango ikavimba, jokofu, viti na magodoro vikawa vya kutupa. Hatukupoteza mtu, alhamdulillahi. Majirani zetu wa upande wa chini walipoteza.

Wiki hiyo hiyo nilipeleka dai. Mfanyakazi wa kampuni alinipokea kwa heshima, akafungua hati yangu, akanionyesha ukurasa ambao sikuwahi kuusoma. Hati ililipa moto, radi na mlipuko. Mafuriko, tufani, tetemeko la ardhi na kupasuka kwa mabomba vilikuwa katika orodha ya hatari za nyongeza, na katika orodha hiyo hapakuwa na alama hata moja. Benki ilikuwa imechagua kinga ndogo kabisa inayotosha kulinda mkopo wake dhidi ya moto, nami nilikuwa nimetia saini. Nilitoka bila shilingi.

Nikiwa nimeketi nje ya ofisi ile nilielewa kwamba ile bei sawa ya Mbale na Mbarara haikuwa haki iliyotendeka. Ilikuwa sawa kwa sababu kilichouzwa hakikuhusu kabisa kile kinachotutofautisha. Moto unaweza kuwaka popote, na jiko la gesi la Mbarara halina tofauti na langu. Tofauti yetu ilikuwa mto, na mto ulikuwa nje ya karatasi.

Tazama jinsi nchi hii ndogo ilivyo na hatari za namna nyingi. Katika miteremko ya Elgon ardhi huporomoka: Nametsi katika wilaya ya Bududa tarehe 1 Machi 2010, ambako mamia ya watu walifukiwa, Bukalasi mwezi Oktoba 2018, Bulambuli tarehe 27 Novemba 2024. Upande wa pili wa nchi, mto Nyamwamba hushuka kutoka Rwenzori ukiwa umebeba mawe makubwa, na umeivamia Kasese na Kilembe mwaka 2013 na tena mwezi Mei 2020, uliposomba hata majengo ya hospitali. Eneo lote la bonde la ufa la magharibi hutetemeka; tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na lile la Bukoba, Tanzania, la Septemba 2016 lilipasua nyumba hata Rakai, upande wa Uganda. Mwaka 2020 ziwa Viktoria lilipanda kupita hata kiwango kilichowekwa mwaka 1964, na nyumba na hoteli za ufukweni kuanzia Entebbe hadi Jinja zikaingia maji. Radi ni balaa letu la kila msimu. Mwezi Juni 2011 iliua watoto 18 wa shule moja ya msingi Kiryandongo kwa pigo moja. Mtu akichora ramani ya hatari hizi, haitafanana hata kidogo na ramani ya ada za bima za nyumba tunazolipa.

Nilimuuliza dalali mmoja wa bima, mzee aliyefanya kazi hiyo Kampala kwa muda mrefu, kwa nini kampuni zetu hazipangi bei kwa kufuata mahali kama wanavyofanya Texas. Alinijibu kwamba hesabu ya namna hiyo inahitaji nyumba nyingi zilizokatiwa bima na madai mengi yaliyoandikwa, miaka kwa miaka. Malipo yote ya bima nchini Uganda, ya magari, afya, maisha na mengineyo, hayafikii asilimia moja ya pato la taifa, na bima za nyumba za kuishi ni sehemu ndogo ndani ya hiyo sehemu ndogo. Ukiwa na hati chache katika mji mzima huwezi kujua kwa hesabu kwamba mtaa huu ni hatari kuliko ule, ingawa kila mama anayeuza mboga kando ya mto anajua. Kwa hiyo kampuni hutazama kile kinachoonekana kwa urahisi, yaani kuta, paa na mlinzi, na hatari ya mahali huitupa kwenye nyongeza au huikataa kimya kimya pale mkaguzi anapofika na kuona mto.

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi. Texas mtu wa pwani huuziwa kwa bei ghali. Kwetu mtu wa Bududa hauziwi kabisa. Nyumba yake mara nyingi ni ya miti na udongo, ardhi yake ni ya kimila na haina hati, kwa hiyo hapati mkopo wa nyumba, na kwa kuwa hapati mkopo hakuna anayemdai bima wala anayemfundisha habari zake. Serikali iliwahamisha baadhi ya watu wa Bududa kwenda Kiryandongo baada ya mwaka 2010, na wengine kwenda Bunambutye, Bulambuli, kuanzia mwaka 2019. Kuhamishwa huko ni aina ya kinga, lakini hufika baada ya maiti.

Hata hivyo si kweli kwamba Uganda haijui kabisa kutofautisha mahali na mahali katika bima. Katika mpango wa bima ya kilimo ulioanza mwaka 2016, serikali huchangia sehemu ya ada: asilimia 50 kwa mkulima mdogo, asilimia 30 kwa mkulima mkubwa, na asilimia 80 kwa mkulima aliye katika eneo linalokabiliwa mno na majanga. Wazo lililo nyuma ya mpango huo ni zuri sana, na ninalitamani kwa nyumba. Ada yenyewe inaachwa iseme ukweli kuhusu mahali, kisha umma unamshika mkono yule asiyeweza kuibeba. Ukishusha ada kwa amri, ukweli unapotea. Ukimwachia mkulima maskini ada yote, unampoteza mkulima. Kwa bima ya nyumba tunafanya kinyume, kwa maana mwenye nyumba hulipa juu ya ada kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya mafunzo ya bima ya asilimia 0.5 na ushuru wa stempu. Ada ikipanda kwa sababu ya mto, kodi nayo inapanda nayo, na hivyo anayekaa penye hatari zaidi ndiye anayetozwa zaidi kwa kujikinga. Ningependa wabunge wetu wa Bugisu, yaani eneo hili la Mbale na Elgon, na wa Kasese walitazame jambo hilo kwa pamoja.

Mahali hubadilisha gharama kwa njia nyingine pia, ambayo wengi huikosea, nami niliikosea. Bima ya nyumba hailipi ardhi. Mtu mwenye nyumba Kololo, mtaa wa kitajiri wa Kampala, anaweza kuwa na mali ya mabilioni, lakini sehemu kubwa ya mabilioni hayo ni kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kulijenga jengo upya, na gharama hiyo ina jiografia yake. Sisi wa Mbale tuko karibu na viwanda vya saruji vya Tororo. Anayejenga Moroto au Kisoro analipia pia usafiri wa kila mfuko, kila nondo na kila bati. Nyumba mbili za mchoro mmoja hazipaswi kuandikwa kwa thamani moja katika miji hiyo.

Hesabu ifuatayo ningeomba kila mwenye nyumba aisome mara mbili. Tuchukue kwamba kuijenga upya nyumba yako kunahitaji shilingi milioni 180, lakini hati yako imeandikwa milioni 90, labda kwa kuwa hicho ndicho kilikuwa kiasi cha mkopo. Moto unateketeza jiko na sebule, na fundi anakadiria matengenezo kuwa milioni 40. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa milioni 40 ni chini ya 90, watalipwa zote. Hati nyingi zina kipengele cha uwiano: uliyekatia nusu ya thamani unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe nusu nyingine, kwa hiyo utalipwa milioni 20. Nilipomwita mthamini aje kunipimia baada ya mafuriko niligundua kwamba hati yangu ilikuwa imeandikwa chini ya nusu. Hata kama alama ya mafuriko ingekuwepo, ningelipwa kwa robo na vipande.

Sheria ya mazingira inasema wazi kuhusu kingo za maji. Kanuni za mwaka 2000 zinataka nafasi ya mita 100 kutoka ukingo kwa mito mikubwa iliyotajwa, mita 30 kwa mito mingine, na mita 200 kwa maziwa makubwa. Mtu akipita leo kando ya Nabuyonga ndani ya mji anaona jinsi kanuni hizo zinavyoheshimiwa, na sitaki kuwanyooshea kidole majirani ambao wengi wao waliuziwa viwanja hivyo na watu waliojua. Nakumbuka nilipokuwa nanunua changu, muuzaji alinionyesha jinsi barabara ilivyo karibu, shule ilivyo karibu, na umeme ulivyo karibu. Kama ningepita kwanza kwa kampuni ya bima na kuambiwa kwamba kiwanja hiki ada yake ya mafuriko ni mara tatu ya kile cha kule juu, ningefikiri tena. Bei ile ingekuwa shahidi pekee asiye na sababu ya kunidanganya.

Mwezi Februari mwaka huu hati yangu ilifika wakati wa kuhuishwa. Mkopo nimeshaumaliza, kwa hiyo safari hii hapakuwa na benki ya kunichagulia. Nilipeleka ripoti ya mthamini, nikaomba thamani iandikwe upya, na nikaweka alama kwenye mafuriko, tufani na tetemeko la ardhi. Fomu bado haikuwa na mstari wa kuuliza mto. Nilichukua utepe wa fundi, nikaenda na kijana wangu hadi kwenye ukingo, tukapima kutoka majini hadi ukuta wa nyuma, tukapata mita 74. Niliandika pembeni mwa karatasi: nyumba iko mita 74 kutoka mto Nabuyonga, mwezi Julai 2022 maji yaliingia ndani kufikia magotini. Wakala aliniuliza kama nina hakika ninataka kuyaacha maneno hayo, kwa kuwa yatapandisha ada. Nilimwambia ayaache.

Siku nne baadaye alikuja mkaguzi. Alitazama alama ya tope ambayo bado inaonekana nyuma ya stoo, akapiga picha mto, akaniuliza kama nimeinua kizingiti cha mlango na kama mfereji wa nyuma una njia ya kutolea maji. Vyote nilikuwa nimeshavifanya, naye akaviandika. Ada iliyorudi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani, na sehemu iliyoongezeka kwa ajili ya mafuriko ilitajwa peke yake katika mstari wake, pamoja na kiasi ambacho nitabeba mwenyewe maji yakiingia tena. Nilimtumia mdogo wangu picha ya mstari huo. Alinijibu kwamba karibu tumefanana sasa, yeye na bahari yake, mimi na mto wangu. Nikalipa siku hiyo hiyo.